Mradi Upimwe Wiki Mbaya

Ripoti za kufunga miradi zina tabia moja: karibu zote hufaulu. Nilipokuwa afisa wa ufuatiliaji na tathmini kule Minjila, kuzisoma ndiko kulikonilipia kodi ya nyumba, na nyingine nilizitunga mwenyewe. Walengwa walikuwa watu 200, waliofikiwa ni 260, ufanisi asilimia 130. Asiyejua atapiga makofi. Ajuaye atauliza siku ile kulipikwa nini, maana harufu ya pilau ya mbuzi husafiri, na kijiji cha pili hakiko mbali.

Minjila si mji wa kujisifia. Ni njia panda. Barabara itokayo Malindi hugawanyika hapo: moja inakwenda Garsen, Gamba, Witu hadi Lamu, nyingine inapanda Hola, Bura hadi Garissa. Kwa sababu hiyo ofisi hazikosekani, za serikali na za mashirika. Shirika hukodi nyumba, hupachika bango langoni, hununua tangi la maji na jenereta. Mkataba ukiisha, jenereta huondoka na bango hubaki. Ukiyasoma mabango hayo kwa mpangilio wa kutu yake utapata historia nzima ya yale ambayo wageni waliona tunayahitaji: chakula, visima, vyoo, amani, mabadiliko ya tabianchi.

Nilihamia huko baada ya damu ya 2012. Wasomaji wa bara huenda wamesahau. Mwezi wa Agosti mwaka huo kijiji cha Riketa kilivamiwa na watu zaidi ya 50 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani, watu 38, wakiwemo askari polisi. Desemba ikawa Kipao. Wapokomo ni wakulima wa kandokando ya mto, wa mpunga, ndizi na maembe. Waorma na Wardei ni wafugaji. Wote wanautegemea Mto Tana, na wote walikuwa wakielekea uchaguzi wa kwanza wa serikali za kaunti, ambao ulifanya kila mtu ahesabu nani atamtawala nani. Haikuwa mara ya kwanza, 2001 walikwishauana. Lakini mara hii picha zilionekana dunia nzima, na picha zikishaonekana dunia nzima fedha za amani hufuata.

Shirika lililoniajiri sitalitaja, si kwa ubaya. Liliniweka mbele ya jedwali. Kila aliyefanya kazi ya miradi analijua: safu ya shughuli chini, juu yake mazao ya shughuli hizo, juu yake matokeo, na kileleni lengo kuu. Pembeni kuna viashiria, namna ya kuvithibitisha, na mambo tunayoyachukulia kuwa yatakwenda sawa. Jedwali hili lilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya USAID, kwa kuwa shirika hilo lilikuta miradi yake ina malengo yenye ukungu, na hakuna aliyejua nani awajibike kwa lipi. Wazo lenyewe ni zuri. Linakutaka useme kwanza unataka maisha ya nani yabadilike na kwa namna gani, halafu ndipo ushuke hadi kwenye semina, magari na posho.

Tatizo ni kwamba sisi hulijaza kutoka chini. Semina tunaijua: ukumbi, soda, fomu ya mahudhurio, nauli. Tukishaijaza semina tunapanda juu na kutafuta matokeo yatakayoifaa. Kwa mradi wa amani tuliandika kwamba uhusiano mwema baina ya jamii utaimarika, na tutaujua kwa dodoso. Je, unawaamini majirani zako wa jamii nyingine? Sana, kiasi, kidogo, hapana. Swali hilo liliulizwa na vijana waliovaa fulana za shirika lilelile lililotoa chakula cha mchana. Mpwani aliyelelewa vizuri hamwambii mwenyeji wake kwamba karamu yake haikumgusa moyo.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo. Alinisikiliza nikimsomea dodoso hadi mwisho, kwa subira ya watu wa makamo yake, kisha akaniuliza, “Mwanangu, hiyo karatasi yako ishawahi kupanda boda boda?” Nikasema sijaelewa, mzee. Akanieleza. Nenda stendi saa kumi na mbili jioni. Mtazame kijana wa Kipokomo mwenye pikipiki akifuatwa na abiria wa Kiorma anayetaka kupelekwa kwao. Atampakia, au atasema petroli imekwisha? Kisha mtazame kijana wa Kiorma na abiria wa Kipokomo. “Petroli ikiisha kwa mtu mmoja, ni umaskini. Siku ikiisha kwa wote, nendeni mkamwambie chifu.”

Nilianza kukusanya alama za namna hiyo. Watu wanazo nyingi, ila hakuna anayewauliza. Mwenye duka wa Garsen aliniambia yeye hutazama deni: mwenye duka anayeogopa vita haandiki jina la mtu wa jamii ya pili daftarini. Wazee wa pande zote mbili walitaja muda unaopita kati ya ng'ombe kuingia shambani na wazee kukaa kukadiria hasara. Wakikaa siku ya pili, shauri litakwisha kwa fidia. Wiki ikipita bila kikao, vijana wanaanza kukutana kivyao. Hizo ni alama zinazoonekana kwa macho, hazihitaji mtu kusema anampenda jirani yake. Mtu hahitaji kumpenda jirani. Anahitaji kupita.

Lakini aliyesema neno zito kuliko wote ni mama mmoja wa Kiorma, muuza maziwa. Alizungumza Kiorma na mwenzangu akanitafsiria. Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua ya masika imekolea, nasi tulikuwa katika tathmini ya mwaka. Tulikuwa tumefurahi, majibu yalikuwa mazuri kila kijiji. Akatuuliza, “Wanangu, mbona mnakuja kuuliza habari za amani wakati ng'ombe hawapo?”

Asiyeijua Delta ya Tana inafaa aelezwe. Mvua ikinyesha, nyika ya juu huota majani na mabwawa hujaa. Makundi makubwa huondoka mtoni na kwenda huko, na kubaki ng'ombe wachache wa kukamuliwa. Jua likikaza, nyika ikikauka, makundi hurudi Delta, na si ya Waorma wa hapa peke yao. Wafugaji hushuka kutoka kaunti nyingine za kaskazini, na malisho ya mwisho yaliyobaki ni haya ya kando ya mto, palepale ambapo Mpokomo amepanda. Wakati huo ndipo malka inapokuwa jambo la kufa na kupona. Malka ni njia ya mifugo ya kushukia mtoni kunywa maji. Iko hapo tangu zamani za mababu, na kila upande unajua ilipo hata kama ramani haijui. Januari hadi Machi, kabla masika haijafika, ndiyo miezi ya mtihani. Riketa ilivamiwa Agosti, kiangazi kile kingine.

Sisi tulikuwa tukipima mwezi wa Mei kwa sababu mwaka wa fedha wa mfadhili uliisha Juni. Hakuna aliyekusudia udanganyifu. Kalenda ya mhasibu aliye ng'ambo ilikutana na kalenda ya ng'ombe, na kila mwaka tulikuwa na uhakika wa kukuta utulivu. Tungeweza kufunga ofisi, tukaacha semina zote, na bado Mei ingetupa alama nzuri.

Tuliomba kuhamisha upimaji hadi Februari na Septemba. Mfadhili, kinyume cha tulivyohofia, alikubali upesi. Nadhani hakuna aliyekuwa amemwambia kabla. Tukayafuta maswali ya kuaminiana na kuweka boda boda, deni la dukani, siku za kikao cha fidia, na malka: iko wazi, imebanwa, au imelimwa. Picha iliyotoka haikumpendeza kila mtu ofisini. Vijiji vilivyohudhuria semina nyingi havikutofautiana sana na vilivyohudhuria chache. Vilivyotofautiana ni vile ambavyo wazee wa pande mbili walitembea pamoja kwenye malka, wakakubaliana mipaka yake na kuipigia alama, mara nyingi bila sisi. Huko, ng'ombe wakiingia shambani, kikao kilikaa mapema. Kutembea kwenye malka ni kazi ya asubuhi moja, haina ukumbi wala projekta, na kwenye bajeti yetu ilikuwa mstari mwembamba kabisa.

Tangu hapo, mtu akiniletea mradi wowote, wa amani au wa kuku, namwuliza jambo moja kabla ya mengine: wiki gani ya mwaka ni mbaya kuliko zote kwa huyu unayetaka kumsaidia, na wiki hiyo mradi wako utamfanyia nini? Jibu likiwepo, matokeo yaliyokusudiwa yamekwisha kupatikana, na yaliyobaki ni kuyaandika. Lisipokuwepo, hata jedwali likipambwa rangi halitasaidia.

Chukua vyoo. Mwaka 2011 Kenya ilianzisha kampeni ya kuhakikisha kwamba vijijini hakuna mtu anayejisaidia porini ifikapo mwisho wa 2013. Namna yake ilikuwa nzuri: hakuna kugawa simenti, kijiji kinakaa, kinaona aibu yake chenyewe, kinachimba. Kikikamilika kinakaguliwa na kutangazwa. Huku kwetu nako vijiji vilichimba, vikatangazwa, vikapiga ngoma. Kisha ikaja masika ya 2018, mabwawa ya Seven Forks huko juu mtoni yakafurika, Tana ikapanda. Niliitwa na shirika jingine kwenda kutazama mradi wao wa vyoo baada ya maji kupungua. Kulikuwa na kidogo sana cha kutazama. Mashimo yalijaa tope, kuta za udongo zilikwenda na maji, na wenye vyoo walikuwa wamepiga mahema kwenye mwinuko kando ya barabara, familia chungu nzima, na mwinuko ule haukuwa na choo hata kimoja. Wiki ambayo kipindupindu hutafuta mlango ndiyo wiki ambayo mradi wa kuzuia kipindupindu haukuwepo.

Kina mama niliozungumza nao hapo hawakulaumu. Walisema tu kwamba mahali pa kukimbilia maji yakija panajulikana, hapajabadilika tangu enzi za bibi zao. Kama wangeulizwa, wangesema vyoo imara vichache vijengwe hapo kwanza, vya wanawake mbali kidogo na vya wanaume na vyenye taa, halafu vya nyumbani kila mtu atachimba kadiri ya nguvu zake. Huo ni usanifu wa mradi kutoka mwisho kurudi mwanzo, umetolewa na watu wasiowahi kuona jedwali. Mafuriko yalirudi Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, na watu walikimbilia palepale.

Naomba nisieleweke kwamba mafuriko ni adui. Mpokomo wa zamani aliyasubiri. Maji yakishuka, huacha udongo mpya na unyevu, na mpunga hupandwa humo. Mabwawa ya juu, hasa Masinga lililokamilika 1981, yamevuruga mwendo huo, mafuriko madogo yenye faida yamepungua na makubwa yenye hasara hayajazuilika. Ila hilo ni andiko jingine.

Historia ya bonde hili ingetosha kuwa chuo cha tathmini kama kungekuwa na mwanafunzi. Kule Hola serikali ya kikoloni ilianzisha kilimo cha umwagiliaji miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusu, walewale ambao 11 kati yao walipigwa hadi kufa tarehe 3 Machi 1959. Skimu iliendelea baada ya uhuru hadi 1989, mto ulipobadili njia na kuziacha pampu zikitazama mchanga. Bura iliidhinishwa 1977 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: hekta 6,700 za pamba na chakula, familia zitolewe kila pembe ya nchi zije kukaa jangwani. Gharama zilipaa, eneo lililomwagiliwa halikufika hata nusu ya hizo hekta, na maji yalitegemea pampu. Pampu ikiharibika, mkulima aliyetolewa mbali hana mvua ya kumwokoa wala ukoo wa kumpokea. Gamba nako, TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ilijenga mashamba ya mpunga kwa mkopo wa Japani, na mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikabomoa matuta. Kote huko wahandisi walihesabu kilomita za mifereji. Mto haukuwa umehesabiwa kama mmoja wa wahusika.

Nimeuacha mti wa mathenge kwa makusudi ili niusemee peke yake, maana ndio unaowashinda wataalamu wa jedwali. Mti huu uliletwa Pwani mwaka 1973, Bamburi, kufufua machimbo ya mawe. Miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola ili walowezi wa skimu wapate kuni na kinga ya upepo. Kwa kipimo cha mazao, miche ilipandwa. Kwa kipimo cha matokeo pia, kuni zilipatikana. Hakuna familia ya Bura inayolia njaa ya kuni leo. Lengo lilifikiwa safi kabisa. Kisha mti ukaendelea. Skimu zilipokufa uliingia mashambani, ukafuata mto kushuka hadi Delta, ukafunga malka, ukatoboa matairi na kwato, ukaozesha meno ya mbuzi. Kule Baringo, ambako nako ulipandwa kwa nia njema, wananchi walimpeleka mbuzi asiye na meno mahakamani Nairobi kama kielelezo. Mwaka 2008 serikali iliutangaza kuwa gugu hatari.

Ndiyo maana nasema kuandika matokeo uliyoyakusudia hakutoshi. Lazima mtu apewe kazi ya kutazama usiyoyakusudia, na apewe muda mrefu kuliko mkataba. Kila aliyepanda mathenge aliondoka akiwa na ripoti nzuri.

Na kuna swali la nani anapoteza. Niliwahi kutathmini mradi wa kikundi cha wakulima waliopewa pampu na mabomba. Mapato yalipanda, watoto walilipiwa karo, nyanya zilifika hadi Malindi. Kila kisanduku kilistahili alama ya pata. Nikazunguka nyuma ya shamba nikakuta ua wa miiba, na nyuma ya ua vijana na ng'ombe wao wakizunguka mbali kwenda kutafuta maji. Shamba lilikuwa limelala juu ya malka. Wafugaji wale hawakuwa “walengwa”, kwa hiyo hakuna fomu iliyowahusu. Kwenye ripoti yangu niliandika matokeo yote mawili ukurasa mmoja, na nikapendekeza ua ufunguliwe upande wa juu. Meneja wa mradi alinijia juu kwamba nimetoka nje ya hadidu za rejea. Nilitoka, ndiyo. Shilingi inatoka mfuko mmoja kuingia mwingine halafu tunaita maendeleo. Mtu wa tathmini asiyeuona mfuko uliopungua anafaa arudi kwenye uhasibu.

Ukitaka kujua jinsi wastani unavyodanganya, nenda Busia. Miaka ya 1990 shirika la Kidachi liligawa vitabu vya kiada katika shule za msingi huko, na mchumi Michael Kremer na wenzake wakalinganisha shule zilizopewa na ambazo hazikupewa. Kwa wastani alama hazikupanda. Walipochambua zaidi wakakuta wanafunzi waliokuwa mbele tangu mwanzo ndio waliofaidika. Vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, lugha ya tatu kwa wengi wao, na mtaala ulitungwa ukimwazia mtoto mwingine kabisa. Ripoti ya kawaida ingesema vitabu kadhaa elfu vimegawiwa, picha za watoto wakitabasamu zimeambatanishwa. Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo kwa kazi za namna hii. Mama wa maziwa hakupata kitu, ingawa hoja yake ni ileile: tazama wakati na mtu ambaye wastani unamficha.

Sikubaliani, hata hivyo, na wale wanaotaka kila kitu kifanyiwe jaribio la kulinganisha. Delta haina vijiji vya kutosha vinavyofanana, na huwezi kupiga kura kuamua kijiji gani kipate amani. Uchaguzi wa 2017 ulipita huku bila mauaji ya kiwango cha 2012, na mashirika yote ya Minjila yalidai sifa. Mimi nilikuwepo. Kulikuwa na vituo vipya vya polisi, viongozi waliokwishaonja serikali ya kaunti na kuona wanaweza kugawana viti, wazee waliochoka kuzika, na ndiyo, kulikuwa na semina. Asemaye anajua kila kimoja kilichangia kiasi gani anauza maneno. La uaminifu ni kusema: hiki tulikifanya, hiki kilibadilika, hawa wengine nao walikuwepo, na watu wenyewe wanasema hivi. Mfadhili mwenye akili anaridhika na hilo. Asiye na akili ataridhika na asilimia 130.

Siku hizi nafanya kazi kwa kuitwa, na nikiitwa kabla mradi haujaandikwa huwa naomba mabaraza mawili, moja na wakulima na moja na wafugaji, kabla ya kukutanisha wote. Wanawake nazungumza nao peke yao, jioni, kazi zikipungua. Siulizi mahitaji. Ukimwuliza mtu mahitaji mbele ya gari lenye nembo ya tone la maji atakwambia kisima. Nawaomba wanisimulie mwaka mzima, mwezi kwa mwezi, nani huondoka, nani huja, lini maziwa hukauka, lini karo hudaiwa, lini watu hugombana. Mahali sauti zinaposhuka ndipo pa kuanzia. Kisha nauliza wao wenyewe wangejuaje kwamba mwezi ule umekuwa mwepesi. Majibu yanayopatikana yanaingia kwenye safu ya matokeo kama yalivyosemwa, na naikataa kabisa ile kazi ya kuyageuza yawe lugha ya makao makuu. Semina na pampu tunaziongelea siku ya mwisho. Mara nyingi zinapungua, wakati mwingine zinafutika.

Linalobaki kuwa gumu ni fedha ya kurudi. Mkataba wa mwaka mmoja au miwili hauoni hata kiangazi kimoja kibaya, na kifungu cha kuja kutazama miaka 3 baadaye ndicho kinachokatwa kwanza. Tarehe 1 Julai 2025 USAID ilifunga shughuli zake, na miradi mingi ya kaskazini na Pwani ilikuwa imesimama tangu mapema mwaka huo. Wengi waliuliza nani ataleta fedha nyingine. Hakuna niliyemsikia akiuliza nani atakuja kuona kilichobaki cha zile zilizokwisha kutumika.

Basi nawaambia wanavijiji, kwa kuwa wao hawahami na mkataba. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma imeanza kutumika tangu 14 Mei 2024, na inayataka mashirika yapeleke ripoti kila mwaka kwa mamlaka yake. Kwa miradi ya serikali kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ombeni ripoti zinazowahusu, zisomwe barazani, kwa Kiswahili, mbele ya chifu na wazee wa pande zote. Na wewe mwenyekiti wa kamati ya kijiji, kabla hujatia sahihi ya kupokea mradi mpya, uliza watarudi lini kuupima. Wakikutajia Mei, waambie waje Februari.